Daftari la Mazoezi na Daftari la Kweli: Jinsi Tunavyotunza Mipangilio ya Kanzidata Zetu



Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika kazi yetu ya afya ya mama na mtoto huku Karatu na Ngorongoro, daftari hilo siku hizi liko sehemu mbili. Kuna vitabu vya MTUHA, ambavyo kila mhudumu wa afya nchini anavijua, na kuna kompyuta. Mara nyingi tumewaeleza habari za vitabu, majengo na magari. Leo tunapenda kuwaeleza jambo ambalo halionekani katika picha za uzinduzi: jinsi programu ya kompyuta inavyojua ni daftari gani ifungue.

Jambo lenyewe ni dogo, mistari mitano tu ya maandishi. Hata hivyo, mistari hiyo ilitupotezea kazi ya siku nne na kutuaibisha mbele ya akina mama. Tumeona ni haki mlijue kutoka kwetu wenyewe, na mjue pia tulivyolirekebisha.

YALIYOTUPATA

Programu tunayotumia hufunguliwa kama tovuti. Muuguzi hufungua kivinjari, huandika jina lake na neno la siri, kisha huona majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na chanjo walizopata. Data zote hukaa katika seva iliyoko ofisini kwetu Karatu.

Ndani ya seva hiyo kulikuwa na madaftari mawili. Moja lilikuwa la kweli. La pili lilikuwa la mazoezi, kwa ajili ya wauguzi wapya na kwa fundi wetu kujaribia mabadiliko. Ili mazoezi yafanane na kazi yenyewe, daftari la pili lilikuwa nakala ya lile la kweli. Kila Ijumaa usiku lilifutwa lote na kunakiliwa upya.

Wakati mmoja tuliongeza ukurasa mpya wa kuwafuatilia watoto waliochelewa chanjo. Fundi aliujaribu ofisini kwenye daftari la mazoezi, akaridhika, kisha akanakili folda nzima ya programu na kuipeleka kwenye kompyuta ya kituo. Ndani ya folda hiyo mlikuwa na faili dogo la mipangilio, nalo bado lilielekeza kwenye mazoezi. Jumanne asubuhi wauguzi walifungua programu, wakaona majina yale yale ya watoto wanaowafahamu, wakaendelea na kazi. Hakuna kilichowashtua. Walifanya hivyo Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa usiku daftari la mazoezi likafutwa kama kawaida.

Jumatatu iliyofuata mama mmoja kutoka upande wa Rhotia alimrudisha mtoto wake aliyekuwa na homa.

"Mama, huyu bado hajachanjwa surua. Alitakiwa kuja alipotimiza miezi tisa," alisema muuguzi akitazama kompyuta.

"Nesi, mbona ulimchoma wewe mwenyewe Alhamisi?" mama alijibu, akatoa kadi ya kliniki. Tarehe ilikuwepo, na mwandiko ulikuwa wa muuguzi huyo huyo.

Tulisimamisha kompyuta siku hiyo hiyo. Kwa neema ya Mungu wauguzi walikuwa hawajaacha kujaza vitabu vya MTUHA. Kwa siku mbili waliketi na karani wetu wakaingiza upya kila mtoto wa siku zile nne, mmoja mmoja, kutoka kwenye karatasi. Hakuna mtoto aliyepotea. Lakini kama tungekuwa tumeziacha karatasi, kama tulivyokuwa tukishauriwa na baadhi ya watu, tusingekuwa na pa kuanzia.

KANZIDATA NA MIPANGILIO YAKE

Kanzidata ni daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta. Programu ni kama karani anayesoma na kuandika katika daftari hilo. Karani anaweza kuwa hodari sana, lakini lazima aambiwe daftari liko wapi na apewe ufunguo wa kabati. Maelekezo hayo ndiyo yanayoitwa mipangilio ya kanzidata. Kwa kawaida huwa ni mambo matano:

1. Anwani ya kompyuta inayotunza kanzidata, yaani seva.

2. Namba ya mlango wa kuingilia katika seva hiyo. Kanzidata za aina ya PostgreSQL kwa kawaida hutumia mlango namba 5432, na zile za MySQL namba 3306.

3. Jina la kanzidata, kwa kuwa seva moja inaweza kutunza nyingi.

4. Jina la mtumiaji ambalo programu inajitambulisha nalo.

5. Neno la siri la mtumiaji huyo.

Mkibadilisha jambo la tatu peke yake, programu ile ile, yenye sura ile ile, itafungua daftari jingine kabisa. Ndivyo ilivyotokea kwetu.

Fikirini mhazini wa kigango mwenye madaftari mawili mezani, moja la sadaka na jingine alilomnunulia msaidizi wake ajifunzie. Yote yana jalada la bluu, na yote yamejaa majina ya waumini wa kigango hicho. Jumapili yenye watu wengi atakosea tu, wala hatakuwa mwizi wala mzembe. Kosa ni la yule aliyemwekea madaftari mawili yanayofanana.

KWA NINI TUNAHITAJI MAZINGIRA ZAIDI YA MOJA

Baadhi ya wanakamati walituuliza kwa nini tusiwe na daftari moja tu la kweli, tuepukane na usumbufu. Swali ni zuri. Jibu ni kwamba hakuna anayejifunza kuchoma sindano kwa mtoto wa mtu. Muuguzi mgeni lazima awe na mahali pa kukosea bila kuumiza mtu, na fundi lazima awe na mahali pa kujaribia. Mafundi wa kompyuta huziita sehemu hizo mazingira. Sisi tunayo manne.

La kwanza ni la fundi, katika kompyuta yake mwenyewe. La pili ni la mazoezi. La tatu ni la kazi halisi katika vituo vya upande wa Karatu, ambavyo huunganishwa na seva kwa mtandao.

La nne ni la kliniki ya kutembea upande wa Ngorongoro. Waliosafiri nasi wanajua hali ilivyo. Ukishapita lango la Lodoare na kuzunguka ukingo wa kreta kuelekea Nainokanoka au Endulen, mtandao huja na kuondoka. Kwa hiyo kompyuta mpakato iliyo ndani ya gari ina kanzidata yake yenyewe ndani. Gari likirudi penye mtandao, data za siku hiyo hutumwa kwenye seva ya Karatu.

Kwa kompyuta hiyo ya garini, anwani ya seva ni 127.0.0.1. Namba hiyo duniani kote humaanisha "kompyuta hii hii". Tukiipa kwa makosa anwani ya Karatu, programu itatafuta seva isiyofikika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri watakaa kwenye foleni wakingoja skrini inayozunguka. Tukiipa kompyuta ya kituo cha Karatu ile namba 127.0.0.1, itatafuta daftari ndani yake yenyewe. Isipolikuta itagoma. Ikikuta nakala ya zamani iliyosahaulika humo, itaandika humo kimya kimya. Hilo la pili ndilo baya zaidi.

Mnaona basi kwamba programu ni moja, lakini mipangilio lazima iwe minne, na hakuna hata mmoja unaofaa mahali pa mwingine.

WENGINE WANAFANYAJE

Tulipoanza kutafuta dawa tuligundua kwamba tatizo si letu peke yetu, na kwamba majirani walishalifanyia kazi. Jirani zetu wa Eldoret, Kenya, walianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS mwaka 2006. Mfumo huo sasa hutumika katika nchi nyingi. Mipangilio yake ya kanzidata hukaa katika faili lake peke yake, nje ya programu. Mfumo wa DHIS2, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na ambao Wizara ya Afya ya Tanzania huutumia kukusanya takwimu za MTUHA, hufanya vivyo hivyo. Faili lake huitwa dhis.conf nalo hubaki kwenye seva husika. Programu mpya ikiletwa, faili halisafiri nayo wala halifutwi.

Mwaka 2011 mafundi wa kampuni ya Heroku ya Marekani waliandika kanuni kumi na mbili za kutengeneza programu za wavuti. Mojawapo inasema mipangilio itenganishwe kabisa na programu. Wakatoa na kipimo chake: je, unaweza kuitoa programu yako hadharani leo hii, kila mtu aisome, bila kufichua neno la siri hata moja? Sisi tulijipima tukashindwa. Neno letu la siri lilikuwa ndani ya folda iliyokuwa imenakiliwa katika vifaa kadhaa vya kubebea data, na hatukuweza kusema vyote viko wapi.

Wakubwa nao huanguka. Mwaka 2016 wezi waliingia katika data za kampuni ya magari ya kukodi ya Uber wakitumia funguo zilizokuwa zimeachwa ndani ya programu. Taarifa za watu milioni 57 zilichukuliwa, na jambo hilo lilitangazwa mwaka 2017. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, alifuta data kwenye seva kuu. Kampuni ilipoteza data za saa sita hivi. Nakala za akiba walizodhani wanazo hazikuwa zikifanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono, saa sita kabla, kwa ajili ya mazingira yao ya majaribio. Baada ya hapo, miongoni mwa mambo waliyoamua ni kuzifanya skrini za mafundi zionyeshe waziwazi mtu yuko kwenye seva ipi.

TULIVYOREKEBISHA

Tulipokaa chini tuliona makosa yetu yalikuwa matatu, nayo yaliegemeana. Mipangilio ilisafiri pamoja na programu. Neno la siri lilikuwa moja kwa madaftari yote mawili. Na daftari la mazoezi lilijaa watoto wa kweli.  Tulichukua hatua zifuatazo:

Kwanza, faili la mipangilio limetolewa ndani ya folda ya programu. Kila kompyuta ina faili lake, mahali pamoja palipokubaliwa, na fundi akileta programu mpya haruhusiwi kuligusa. Ndani ya programu kuna faili la mfano tu, lenye nafasi tupu, ili fundi mwingine ajue ni mambo gani yanatakiwa kujazwa.

Pili, kila mazingira yana jina lake la mtumiaji na neno lake la siri. Mtumiaji wa mazoezi hana ruhusa kabisa katika daftari la kweli, na wa daftari la kweli hana ruhusa katika mazoezi. Hatua hii tunaiona kuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu haitegemei macho ya mtu. Mtu akichanganya anwani, seva yenyewe itamkatalia.

Tatu, programu ikikosa mpangilio hata mmoja husimama na kutoa ujumbe kwa Kiswahili. Zamani ilikuwa ikibahatisha kwa kufungua daftari lolote iliyoelekezwa tangu mwanzo. Ni afadhali kituo kichelewe nusu saa kikimngoja fundi kuliko kufanya kazi siku nne bure.

Nne, kila kanzidata imeandikwa ndani yake kwamba ni ya kweli au ya mazoezi. Programu huuliza swali hilo kila inapowashwa. Jibu likiwa "mazoezi", ukanda mpana wa njano hutokea juu ya kila ukurasa ukiwa na neno MAZOEZI kwa herufi kubwa. Hata mlinzi anayepita dirishani anaweza kuuona.

Tano, tumefuta watoto wa kweli katika daftari la mazoezi. Badala yao kuna familia za kubuni. Wauguzi wetu walifurahi kuwatungia majina ya kuchekesha, na sasa mtu akimwona mtoto anayeitwa Mfano Jaribio anajua yuko wapi.

Sita, nakala za akiba za daftari la kweli huchukuliwa kila usiku, na mara moja kwa mwezi tunairudisha mojawapo kwenye kompyuta nyingine ili tuone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

TAARIFA ZA WATU NI AMANA

Liko na suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya na taarifa za watoto ni miongoni mwa zile ambazo sheria hiyo inaziita nyeti. Kunakili majina ya watoto wa kweli kila wiki ili wageni wajifunzie, kama tulivyokuwa tukifanya, hakukuwa kosa la kiufundi tu. Mama aliyetupa jina la mwanawe alitupa kwa ajili ya chanjo, hakutupa kwa ajili ya mazoezi.

Na kabla ya sheria kuna dhamiri. Sisi tunaofanya kazi kwa jina la Kanisa tumefundishwa kwamba msimamizi atadaiwa hesabu ya alichokabidhiwa, hata kama ni kidogo.

KAMATI ZIULIZE NINI

Baadhi ya wanakamati hutuambia, "Hayo mambo ya kompyuta sisi wazee hatuyawezi, mmalizane na fundi." Tunawaomba msiseme hivyo. Hamhitaji kujua kutengeneza saa ili mjue imesimama. Parokia nyingi sasa zina kompyuta, iwe ni za zahanati, shule, saccos au mradi wa maji. Mnapotembelea mradi wowote ulio chini yenu, ulizeni maswali haya matano:

1. Mtu akijifunza, anajifunzia wapi? Na tutajuaje kwa kutazama tu kwamba hapa ni mazoezi na pale ni kazi halisi?

2. Neno la siri la kanzidata liko wapi, na nani analijua? Sisi tumeliweka katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sanduku la chuma la ofisi. Hufunguliwa na watu wawili kwa pamoja, na tarehe huandikwa.

3. Fundi huyu akihama au akiugua, nani mwingine anaweza kuendelea? Na maneno ya siri yatabadilishwa siku hiyo hiyo?

4. Nakala ya akiba ilifunguliwa lini mara ya mwisho?

5. Umeme au kompyuta ikifa leo, kuna karatasi?

Mkijibiwa kwa maneno mengi msiyoyaelewa, ombeni muonyeshwe. Anayejua kazi yake ataweza kuwaonyesha.

KWA WAFADHILI WETU

Kwenu wafadhili tuna neno moja. Mara nyingi bajeti ya kompyuta huwa na mstari wa mashine na mstari wa programu, basi. Kompyuta ya mazoezi huonekana kama anasa, na siku za fundi za kupanga mipangilio huonekana kama gharama za ofisi zinazofaa kupunguzwa. Sisi wenyewe tulizikata mstari katika maombi yetu ya mwanzo tukidhani tunawafurahisha. Ndiyo maana mazoezi na kazi halisi vilijikuta katika seva moja, chini ya neno moja la siri. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaomba, mnaposoma maombi yetu na ya wenzetu, mstari huo mdogo msiuone mzigo.

Yule mama wa Rhotia alimaliza matibabu ya mwanawe, na homa ilipona. Kabla ya kuondoka alituuliza kama aendelee kuja na kadi yake au kompyuta inatosha. Tulimjibu aje nayo kila mara. Kompyuta zetu sasa zinajua daftari lao, lakini kadi ile iliyo mkononi mwake ndiyo iliyotukosoa, na bado tunaihitaji.